Nyumba ya Mchochea Makaa: Tathmini ya Makumbusho ya Debs, Terre Haute

Treni ya mwisho ya abiria ilipita Terre Haute, jimbo la Indiana, mwaka 1979, na tangu hapo anayetaka kuiona nyumba ya Eugene Victor Debs, mfanyakazi wa reli aliyegeuka kiongozi wa wafanyakazi na kisha mgombea urais wa Marekani mara tano, hana budi kwenda kwa barabara. Mimi nilitokea Indianapolis, mwendo wa saa moja na ushei kuelekea magharibi, na nilipoingia mjini nikakuta geti la reli limeshushwa. Treni ya mizigo ilikuwa ikipita pole pole, behewa baada ya behewa. Nilihesabu hadi 80, nikaacha. Waliokuwa mbele yangu walianza kugeuza magari watafute njia nyingine. Mimi nilizima injini na kufungua dirisha, kwa kuwa mtoto aliyekulia kota za reli Tabora haoni taabu kucheleweshwa na treni.

Makumbusho yenyewe ni nyumba aliyoijenga Debs na mkewe Kate mwaka 1890, miaka mitano baada ya kuoana, na waliyoishi humo mpaka mwisho wa maisha yao. Iko Mtaa wa 8 Kaskazini, na ingawa zamani ilikuwa katikati ya makazi ya watu, sasa imezungukwa na majengo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Indiana, kiasi kwamba mgeni anaweza kupita mara mbili akidhani ni ofisi ya idara fulani ya chuo. Baada ya wenyewe kufariki nyumba ilipitia mikono kadhaa, na kwa miaka fulani ilikuwa bweni la umoja wa wanafunzi wa kiume, hadi wakfu uliobeba jina la Debs ulipoinunua mwaka 1962. Mwaka 1966 serikali kuu ikaitambua kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Hakuna kiingilio. Anayetaka kuchangia anachangia, asiyetaka hakuna anayemkodolea macho. Nashauri mtu apige simu kabla ya kufunga safari, kwa kuwa hapa ni nyumba ndogo ya kumbukumbu na si jumba la taifa lenye walinzi na foleni.

Ukishavuka kizingiti, kinachokushika kwanza ni starehe. Nilikuwa nimejiandaa kuona chumba cha mtu aliyekula njaa na makabwela, na badala yake nikajikuta sebuleni mwa mtu mwenye nafasi yake: samani nzito za mbao nyeusi, maktaba, ngazi iliyochongwa kwa ustadi, na meko yaliyozungushiwa vigae vya kauri vya rangi ya bluu iliyokoza. Nilisimama mbele ya vigae hivyo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Wapinzani wa Debs hawakuacha kumkumbusha kwamba mtetezi wa walalahoi analala pazuri, na sidhani kwamba shutuma hiyo ni ya kupuuzwa. Lakini mtu akikumbuka kwamba mwenye nyumba alikuwa safarini sehemu kubwa ya mwaka, akihutubia mji mmoja leo na mwingine kesho, na kwamba miaka kadhaa ya uzeeni aliila jela, ataona kwamba vigae hivyo vilikuwa zaidi vya Kate. Yeye ndiye aliyebaki navyo.

Maisha yanayosimuliwa humo ndani yalianza tarehe 5 Novemba 1855, katika mji huohuo, kwa wazazi waliohamia kutoka Colmar, Ufaransa, na waliokuwa wakiendesha duka la vyakula. Baba yake alipenda vitabu kiasi cha kumpa mtoto majina ya waandishi wawili wa kwao, Eugène Sue na Victor Hugo, lakini mapenzi hayo hayakumzuia kijana kuacha shule akiwa na miaka 14, mwaka 1870, na kwenda karakana ya reli kukwangua grisi kwenye vichwa vya treni kwa nusu dola kwa siku. Usiku mmoja wa Desemba 1871 mchochea makaa wa treni moja hakuonekana kazini kwa sababu ya ulevi. Debs akapewa koleo, na kazi ikawa yake, kwa ujira wa zaidi ya dola moja kwa usiku.

Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili za mtu huyu. Anayelisha moto makaa anachochea, na anayewasemesha watu mpaka serikali ikakosa usingizi naye anachochea. Debs alianza na kuchochea kwa kwanza akamaliza na kwa pili, na cha pili ndicho kilichompeleka jela. Kiingereza hakimpi mgeni wa nyumba hii faida hiyo, kwa hiyo natumaini nitasamehewa kwa kuitia mfukoni.

Kuna jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka, nalo ni kwamba Debs alikaa reli miaka minne tu. Mwaka 1874, baada ya rafiki yake kuteleza chini ya treni na kufa, alimsikiliza mama yake, akaacha kazi na kuwa karani katika duka la jumla la vyakula. Hakurudi tena kwenye koleo. Hata hivyo mwaka uliofuata, Udugu wa Wachochea Makaa ulipofungua tawi mjini hapo, alijiunga na kuwa katibu wake, ilhali mchana anashughulika na hesabu za magunia. Na kufikia mwaka 1880 alikuwa mhariri wa gazeti la chama na mweka hazina wa taifa. Kwetu tumewaona viongozi wa vyama vya wafanyakazi walioketi ofisini mpaka wakasahau harufu ya kazi wanayoisemea. Huyu aliondoka kazini mapema na ile harufu haikumtoka, na sababu yake, kwa maoni yangu, ni kifo cha yule rafiki.

Siasa aliionja mapema vilevile. Alichaguliwa karani wa mji kwa vipindi viwili kuanzia mwaka 1879, kisha mwaka 1884 akaingia Baraza la Wawakilishi la Indiana kwa tiketi ya chama cha Democratic. Alipeleka muswada wa kuyabana makampuni ya reli yawajibike kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Wawakilishi wakaupitisha, maseneta wakautoa matumbo. Hakugombea tena nafasi hiyo. Nadhani aliyetoka pale hakuwa tena mtu wa kuamini kwamba sheria nzuri hupatikana kwa kuombwa vizuri.

Sehemu ya habari hii iliyonigusa kuliko zote ni ya mwaka 1894, na imenigusa kwa sababu ya kota. George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala, alijenga mji mzima kusini mwa Chicago kwa ajili ya wafanyakazi wake: nyumba za matofali, maduka, maktaba, kanisa, vyote mali ya kampuni. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893 alipunguza mishahara kwa wastani wa robo nzima, na kodi ya nyumba akaiacha palepale ilipokuwa. Mchungaji wa Kimethodisti wa mtaa huo, William Carwardine, alieleza habari za mfanyakazi ambaye, baada ya kodi kutolewa, alibakiwa na hundi ya senti 2, naye hakwenda kuichukua fedha bali aliitia hundi kwenye fremu na kuitunza.

Nilimpigia simu baba jioni hiyohiyo kumwambia habari ya senti mbili. Baba alifanya kazi ya kuunga mataruma na baadaye karakana, na hana muda wa hadithi zisizo na hesabu. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza swali moja: "Sasa mwanangu, huyo mtu akihama kota, kazi anabaki nayo?" Hapo ndipo penyewe. Anayekulipa mshahara ndiye mwenye paa lako, na kila aliyekulia kota anajua ukimya unaoingia nyumbani siku baba anaposikia kuna barua ofisini. Baba aliukumbuka mgomo wa reli wa Tanganyika wa mwaka 1960, ulioongozwa na akina Kasanga Tumbo na kudumu zaidi ya miezi miwili; yeye alikuwa mtoto, na anachokumbuka ni uji.

Wafanyakazi wa Pullman waligoma tarehe 11 Mei 1894. Wakati huo Debs alikuwa tayari amechoshwa na vyama vilivyomtenga dereva na mchochea makaa, fundi na mpiga breki, kila mmoja akigoma peke yake na kushindwa peke yake, na mwaka 1893 alikuwa ameunda Chama cha Reli cha Marekani kilichopokea wa kila kada. Mapema mwaka 1894 chama hicho kilikuwa kimeibwaga kampuni ya Great Northern kwa mgomo wa siku 18, na wanachama walikuwa wakimiminika kiasi cha kufika 150,000 hivi. Debs mwenyewe aliona hatari ya kuingia vita vya Pullman, kwa kuwa chama bado kilikuwa kichanga. Lakini mkutano mkuu wa Juni ulisikia habari za kodi na za njaa, ukaamua kwamba kuanzia tarehe 26 hakuna mwanachama atakayegusa treni yenye behewa la Pullman. Makampuni yakajibu kwa kuunganisha mabehewa hayo na treni za posta, ili kuzuia behewa kuwe kuzuia barua za taifa. Mahakama ikatoa zuio, Rais Cleveland akatuma askari, watu wapatao 30 wakauawa, na Debs akahukumiwa miezi 6 katika jela ya Woodstock, Illinois, kwa kudharau amri ya mahakama.

Mgeni anayetoka kwetu asiondoke kwenye nyumba hii bila kuuliza kura ya mkutano ule wa Juni, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nirudi sebuleni mara ya pili. Debs aliwaomba wajumbe waondoe sharti lililowazuia watu weusi kujiunga na chama. Wajumbe walipiga kura, nao waliotaka weusi wabaki nje wakashinda kwa 112 dhidi ya 100. Yaani chama kiliamua kuyasusia mabehewa ya Pullman huku kikiwafungia mlango wahudumu wa mabehewa hayohayo, ambao karibu wote walikuwa weusi, wanaotandika vitanda na kung'arisha viatu vya abiria usiku kucha. Baadaye Debs mwenyewe alisema kwamba kosa hilo lilichangia kushindwa kwa mgomo, na alipozunguka majimbo ya kusini alikataa kuhutubia ukumbi uliotenganisha watu kwa rangi. Hayo ni ya kumpongeza. Hata hivyo mwaka 1903 aliandika kwamba chama cha kisoshalisti hakina jambo la pekee la kumpa mtu mweusi, akimaanisha kwamba wafanyakazi wote ni kitu kimoja. Na mimi nikiyasoma maneno hayo leo naona mtu mwema aliyedhani kwamba mlango ukiitwa wa wote basi tayari uko wazi. Ni ukungu uleule unaowaingia viongozi wengi wa vyama, hata wa kwetu, wanaposema "wafanyakazi" na kumsahau kibarua wa siku.

Kutoka Woodstock alirudi Chicago Novemba 1895 na kupokewa na umati wa zaidi ya watu 100,000 mvuani, na miaka michache baadaye akawa msoshalisti wa wazi. Kampeni zake za urais za miaka ya 1900, 1904, 1908, 1912 na 1920 zingejaza tathmini nyingine. Nitataja tu kwamba mwaka 1908 alizunguka nchi kwa treni nzima iliyokodiwa kwa michango ya wanachama, iliyoitwa "Red Special", na kwamba mwaka 1912 alipata kura 900,000 hivi, takriban asilimia 6. Hakuwahi kufikiri kwamba atashinda. Treni, kwake, ilikuwa jukwaa lenye magurudumu.

Tarehe 16 Juni 1918, huko Canton, Ohio, alihutubia mkutano wa hadhara akapinga vita na kuandikishwa kwa vijana jeshini, siku ambayo alikuwa ametoka kuwatembelea wenzake watatu waliofungwa jirani na hapo. Alikamatwa mwisho wa mwezi. Mahakamani hakuita shahidi hata mmoja wala hakukana alichosema. Kabla ya hukumu alimwambia jaji kwamba maadamu kuna tabaka la chini yeye yumo, na maadamu kuna mtu mmoja gerezani yeye si huru. Alipewa miaka 10, akiwa na umri wa miaka 62. Kutoka gereza la Atlanta, akiwa mfungwa namba 9653, aligombea urais kwa mara ya mwisho mwaka 1920, na beji za kampeni zikachapishwa zikiwa na namba hiyo ya ufungwa. Watu zaidi ya 900,000 walimpigia kura mgombea asiyeweza kutoka nje ya ukuta kuwashukuru. Rais Harding alimpunguzia adhabu akatoka siku ya Krismasi ya 1921. Wafungwa zaidi ya 2,000 walimshangilia alipokuwa akitembea kuelekea langoni, naye akageuka, akavua kofia na kuwanyooshea mikono, machozi yakimtoka.

Ghorofa ya juu kabisa, darini, kuta zimechorwa picha kubwa za maisha haya yote, kazi ya John Laska, aliyekuwa mwalimu wa sanaa katika chuo kilichoizunguka nyumba. Nashauri usianzie huko. Anza chini, pita vyumbani, uone kitanda, vitabu na vigae, ndipo upande. Vinginevyo picha zitakueleza shujaa kabla hujamwona mume, kaka na mpangaji wa ratiba za safari. Ukiwa darini utajikuta umezungukwa pande zote na reli, umati, nondo na nyuso, na dari imeinama kiasi kwamba mtu mrefu atainama pia. Nilikaa hapo kama nusu saa. Kwa mwenye magoti mabovu ngazi ni nyingi, kwa kuwa nyumba ilijengwa kwa ajili ya familia ya mwaka 1890 na si kwa ajili ya wageni; asione haya kubaki chini, kuna mengi.

Ninavyoona, mahali hapa panamfaa mtu anayependa kusoma na kuuliza kuliko anayependa kubonyeza vitufe na kuona taa zikiwaka. Watoto wa chini ya miaka 10 watachoka, isipokuwa wanaopenda treni, na hao wapelekwe kwanza kwenye geti la reli. Maelezo ni ya Kiingereza, hivyo ukienda na mzee asiyekijua vizuri jiandae kuwa mkalimani. Saa moja na nusu inatosha kwa haraka. Mimi nilitumia tatu. Chakula nilikosea: niliingia mgahawa mmoja mjini, ambao sitautaja, nikaletewa supu iliyopoa na bili iliyochemka, kwa hiyo nawashauri ndugu wasafiri wabebe chapati zao. Baada ya chakula nilikwenda makaburi ya Highland Lawn, mashariki ya mji, ambako Debs alizikwa baada ya kufariki tarehe 20 Oktoba 1926, na Kate amelala kando yake. Jiwe halina madaha yoyote, na bila kuelekezwa ningelipita.

Kama ni lazima kutoa alama, natoa nne na nusu kati ya tano. Ile nusu siwakati walinzi wa nyumba, naikata wale wajumbe 112. Na kwa sababu yao safari haikuishia Terre Haute: Chicago, katika mtaa uleule wa Pullman, kuna makumbusho ya wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala, yaliyopewa jina la A. Philip Randolph, aliyewaundia chama chao wenyewe mwaka 1925, mwaka mmoja kabla Debs hajafa. Baba anakuja kututembelea mwezi wa saba, na amekwisha kuniambia kwamba huko tutakwenda kwa treni.